Songea mpaka Dar na begi la spana: shajara ya kutafuta kazi ya friji na AC

Naandika hii kwa ajili ya fundi mwenzangu yeyote anayejipanga kuja Dar na hajui aanzie wapi. Kila hatua ikiisha naongeza kipande, na hela naandika kama ilivyotoka mfukoni, hata ile iliyotoka kijinga.

Jumapili 9 Juni 2024. Nimefika

Mimi ni fundi friji na AC, cheti cha VETA level two. Songea nimekaa na hii fani miaka mitatu, na nusu ya huo muda nilikuwa nachomelea mageti, kwa sababu kule AC ni za benki na ofisi chache, mwezi wa sita mtu anatafuta blanketi bhana sio AC. Hesabu yangu ni hii: Dar kuna joto, AC zimejaa kila ukuta, miezi mitatu nikikomaa nakuwa nimepata kazi. Nimeuza mahindi na hisa yangu kwenye pikipiki tuliyokuwa nayo na kaka, nimepata laki tisa na elfu kumi. Kulala ni bure kwa bamdogo Chanika.

Safari: nauli basi la kawaida 47,000, mzigo 10,000 (nusu gunia la unga na maharage, huwezi kwenda kwa bamdogo mikono mitupu), kula njiani 7,000. Tumetoka alfajiri tukafika stendi ya Magufuli pale Mbezi saa nne usiku na hapo ndo kosa la kwanza, sikuwa nimeuliza Mbezi na Chanika zimeachana kiasi gani. Mwenye bajaji akaniambia elfu thelathini na tano, nikacheka nikidhani ananitania, hakuwa anatania. Nimelala kwenye benchi nimekumbatia begi la spana mpaka kumekucha, nikazunguka kwa Kinyerezi hadi Banana, toka Banana hadi Chanika, jumla 6,000 ukiweka na boda ya mwisho.

Kwa anayekuja: toka Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku, panda la jioni ufike asubuhi. Mimi nilijua hilo na bado nikapanda la alfajiri kwa mazoea tu.

Mkononi: 840,000.

Jumapili 30 Juni 2024. Wiki tatu, kazi hakuna

Ratiba ni ile ile. Naamka saa kumi usiku, saa kumi na moja nipo kituoni, saa moja na nusu naingia Kariakoo. Nauli 1,100 kwenda na 1,100 kurudi. Barabara ya Nyerere wanajenga mwendokasi awamu ya tatu kwa hiyo kuanzia Gongo la Mboto mpaka Tazara mnatambaa tu, na kama umesimama toka Pugu basi ukifika Kamata miguu sio yako. Wiki ya kwanza jioni nilikuwa nasimama kituoni Kariakoo nasubiri gari tupu, kila gari linaingia tayari limejaa nikawa sielewi hawa watu wamepandia wapi. Konda mmoja akanionea huruma, "Fundi, wenzako wamegeuza toka Veta." Kumbe watu wanarudi nyuma vituo viwili vitatu, mpaka kituo cha Veta, wanapanda gari likiwa linaingia mjini, wanalipa kidogo cha kugeuza nalo, wanakaa kwenye siti. Siku hizi nageuza. Inaongeza gharama ila nafika Chanika nikiwa mtu.

Sasa kazi. Nilichapa CV ishirini, na vivuli vya vyeti, steshenari wakala 14,000. Nikanunua shati na viatu vya usaili Karume 17,000. Mpango ulikuwa Jumatatu tarehe 24 nianze kuzunguka maduka yote ya spea Kariakoo niachie namba, na hiyo Jumatatu ndo wafanyabiashara wa Kariakoo wakaanza mgomo. Nimefika na bahasha zangu nakuta mageti yamefungwa mtaa mzima, watu wamekaa barazani wanabishana mambo ya kodi. Nikaenda na kesho yake, hivyo hivyo. Hela ya nauli hairudishwi.

Maduka yalipofunguliwa nikaingia duka moja la spea za AC, kaunta amekaa mzee mmoja miwani imefungwa na uzi, nikamwamkia shikamoo mzee, nikajieleza. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Umetoka Songea lini?" Nikamwambia mwanzoni mwa mwezi. Akaninyooshea kidole nje, palikuwa na watu kama sita wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, mabegi ya spana pembeni. "Wale wote mafundi, wana miaka kumi hapa mjini. Wanasubiri mwezi wa kumi. Wewe umeleta mwavuli kiangazi."

Dah. Nilikaa nje ya lile duka kama nusu saa. Hesabu yangu ya joto ilikuwa sahihi ila nimeipigia mwezi mbaya, mwezi wa sita mpaka wa nane Dar ni kipupwe, watu wanalala madirisha wazi, AC zinapumzika na fundi anapumzika nazo. Sisi tuliotoka baridi tunaona Dar yote ni joto tu. Mwenyeji wa Dar kwenye nyuzi joto ishirini anavaa sweta, nimewaona kwa macho yangu kwenye daladala.

Tena nikapigwa. Nilipigiwa simu na dada mmoja sauti nzuri, "hongera umechaguliwa kwenye usaili, uje na CV na elfu kumi na tano ya fomu". Sikumbuki kupeleka CV huko lakini njaa haiulizi. Nimefika na viatu vyangu vya Karume, ukumbi una watu kama sitini, wote tumechomekea, jamaa akapanda mbele akaanza kutuuliza nani anataka kumiliki gari. Ilikuwa semina ya kuuza vidonge vya lishe. Kazi ya kweli haikuombi hela ya fomu, na hilo nilikuwa nalijua kabisa, nikatoa.

Nauli 33,000, kula 37,500, na hayo ya juu. Mkononi: 723,500.

Jumapili 21 Julai 2024. Majina, na dalali

Ya majina niiseme haraka. Chuoni nilijiandikisha kwa jina la baba mwishoni, NIDA nikajiandikisha la ukoo, kosa langu mwenyewe enzi hizo naona sawa tu. Nimejisajili Ajira Portal, ule mtandao wa kuomba kazi za serikali, ambako namba ya NIDA ndo mlango wa kuingilia, nikaona majina hayafanani na vyeti. Wakili akanitengenezea hati ya kiapo kwa 15,000. Lifanye hilo kabla hujatoka kwenu, huku unalifanya huku unalipa nauli. TIN nimechukua pia, hiyo ni bure, ukiona mtu anakutoza basi ni huduma yake ya kukuandikia tu.

Kilichokula mwezi huu ni chumba. Yule mzee wa kaunta nimekuwa naenda kwake kila siku, nambebea maboksi, nachangia stori. Siku moja akaniambia ukweli ambao bamdogo asingeniambia kwa kuogopa nitaona ananifukuza: "Mwenye bucha akinipigia saa mbili usiku nyama inayeyuka, nimwite fundi wa Chanika?" Nikapiga hesabu kwenye karatasi ya boksi. Nauli 2,200 mara siku 26 ni 57,200. Chumba Buguruni ni elfu sitini. Kumbe nilikuwa nalipa kodi ya nyumba kwa konda.

Bamdogo aliposikia alinyamaza kidogo, mamdogo ndo akasema mwache akajaribu, Jumapili atakuja kula. Yameisha salama.

Nikampata dalali kwa namba iliyobandikwa kwenye nguzo. Elfu kumi ya kuoneshwa vyumba, haya, ndo kawaida ya mjini. Akanionesha viwili vibaya halafu kimoja kizuri, sakafu ya tailizi, dirisha la nyavu, elfu sitini. Akasema kuna mtu mwingine anakuja saa kumi kulipia, nitoe elfu hamsini ya kushikilia ili mama mwenye nyumba asimpe, kesho tunaandikishana. Alikuwa na ufunguo wa kile chumba wakuu, ufunguo mkononi, mtu mwenye ufunguo utamshuku vipi? Nikamtumia kwenye simu. Kesho yake namba haipatikani, nikaenda mwenyewe, nikamkuta kijana anaishi mle ndani na mke wake, wananishangaa. Alikuwa ameombwa ufunguo "kuna fundi bomba anakuja kucheki".

Elfu sitini imekwenda hivyo. Chumba nilichopata mwishowe amenipa mama anayeuza chapati na maharage pale ninapokulaga. Nilimlalamikia tu nikiwa nakula, akasema si ungeniuliza, nyumba ninayokaa kimoja kinatoka mwisho wa mwezi. Mama ntilie anajua nani anahama, nani kagombana na mwenye nyumba, chumba gani kinavuja. Nimempa elfu kumi ya asante, aliikataa mara mbili ya tatu akaifunga kwenye kanga.

Nilipata na kibarua cha kubeba mizigo siku tatu, 30,000. Mkononi: 608,000.

Jumapili 4 Agosti 2024. Geto

Nimehamia Buguruni. Miezi mitatu mbele 180,000, asante ya mama 10,000 (kwenye hesabu ya Julai sikuiweka), godoro 85,000, mtungi mdogo wa gesi na jiko lake 55,000, sufuria, ndoo na sahani 25,000, na kitasa kipya 12,000. Hicho kitasa usikiruke, baada ya yale ya dalali nilijifunza ufunguo wa chumba chako unaweza kuwa na ndugu wengi. Feni sijanunua. Fundi AC analala bila feni, mnaruhusiwa kucheka.

Mkononi: 241,000. Kwa mara ya kwanza nimeogopa.

Jumapili 1 Septemba 2024. Friji haina kipupwe

Asubuhi natembea kwa mguu toka Buguruni mpaka Kariakoo, saa nzima hivi, jioni napanda gari 600. Kuanzia saa moja nipo barazani na wale wacheza drafti. Mwanzoni walinikata jicho, nikaelewa, mdomo mmoja umeongezeka. Dawa ilikuwa kutokimbilia mteja. Mteja akifika kaunta akaulizia fundi mimi nakaa, mwenye zamu anaenda, nikiitwa kusaidia nabeba ngazi. Saidia fundi analipwa elfu kumi kwa siku yenye kazi, Agosti nzima nimepata siku nane.

Lakini nikaona kitu. Hao wenzangu ni watu wa AC, friji wanaidharau, kazi chafu hela ndogo, wakati wateja wa friji wanakuja kila siku ya Mungu. Bucha halina msimu. Mama wa juisi, muuza samaki anayechukua mzigo Feri, muuza maji ya viroba, wote hao freza ikizima hela yao inaoza ndani ya siku moja. Nikamwambia mzee, friji zote zisizotakiwa nipe mimi.

Ya kwanza ilikuwa freza ya bucha hapa hapa Buguruni. Fundi aliyetangulia alishasema kompresa imekufa, anataka laki mbili na nusu. Nimefika nasikia mlio, tik, inajaribu kuwaka, kimya, baada ya dakika tik tena. Nikachomoa relei, kile kidude cha kuiamsha kompresa, ubavuni mwake, nikaitikisa karibu na sikio, inachakacha kama njugu kwenye kopo. Relei nzima ya aina ile haichakachi. Nikamwambia bosi nipe elfu tano nikimbie dukani, nikarudi nayo, nikafunga, ikanguruma mara moja ikatulia. Mwenye bucha akasimama kaweka kiganja kwenye ukuta wa freza kama anampima mtoto homa, hakuondoka mpaka aliposikia baridi. Alinipa 25,000 na nusu kilo ya nyama, na cha maana zaidi ni namba yangu aliiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa bucha, ipo mpaka leo.

Makosa ya mwezi: nilinunua geji ya mtumba, ile ya kupimia presha ya gesi, 45,000 bila kuijaribu. Mshale unashuka wenyewe, valvu inavuja, na mipira yake ni ya kizamani ya gesi 22, ukiipeleka kwenye AC ya gesi 410 ambayo presha yake iko juu mno unacheza na uso wako. Imekaa ukutani kama saa ya urembo. Nunua dukani, na kabla hujatoa hela omba uifunge kwenye mtungi wao ukae nayo dakika kumi.

La pili ni umeme. Nyumba ina vyumba sita na mita ya LUKU moja, kila mtu anachanga. Mimi nikaleta freza ya mteja chumbani niijaribu usiku kucha, asubuhi yuniti za nyumba nzima zimekwisha. Kikao kilifanyika uani nikiwa na mswaki mdomoni. Baba mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Kijana, umepanga chumba au umefungua kiwanda?" Nikalipa za siku ile, na wiki iliyofuata nikafunga mita ndogo ya kuhesabia kwenye chumba changu, 25,000, kila mtu anaona nimetumia ngapi. Sasa wengine nao wanataka niwafungie, ugomvi wa pasi na heta umehamia huko.

Mkononi kabla ya hiyo mita ndogo: 156,000.

Jumapili 13 Oktoba 2024. Nimeunguza bodi

Joto limeanza. Wacheza drafti wamepungua barazani, simu ya mzee hailali, na kazi za AC zimeanza kunifikia hata mimi. Ya kwanza yangu peke yangu ilikuwa sevisi ya AC moja huko Sinza, sebuleni, maji yanadondoka kwenye kochi. Hiyo inajulikana, mpira wa kutolea maji umeziba kwa utelezi, unapuliza, unaosha, umemaliza. Dakika arobaini.

Nilizima kwa rimoti. Soma tena hiyo sentensi kama wewe ni fundi mchanga. Kwa rimoti, sikushusha breka, kwa sababu breka ilikuwa chumbani kwa mwenye nyumba na niliona aibu kuomba kuingia. Nikafungua kava, nikafunga mfuko wa nailoni chini wa kukinga maji, upande wa bodi nikafunika na kitambaa. Kitambaa! Nikaanza kupiga maji kwenye mapezi, uchafu mweusi unatoka raha tupu, dada mwenye nyumba amesimama anasema kumbe tulikuwa tunavuta hivi vyote, na mimi nimevimba kichwa. Halafu pap. Sio mlio mkubwa, kama mtu kapasua punje ya bisi. Ikafuata ile harufu.

"Fundi, hiyo harufu ni ya nini?"

Nilitamani kusema ni ya uchafu. Nikamwambia ukweli, dada nimeunguza bodi, na ni kosa langu. Aliniangalia muda mrefu. Akasema leta nyingine ndani ya wiki, kitambulisho chako kinabaki hapa. Bodi mpya ni bei mbaya, nikazunguka siku mbili nikapata iliyotolewa kwenye mashine kama ile ile kwa 70,000, mzee akanikopesha nusu nikamlipa kwa kazi. Ilikubali. Hela ya sevisi sikudai.

Sasa nafanya hivi: breka kwanza, hata kama iko chumbani kwa mkwe. Napiga picha nyaya kwa simu. Bodi naivalisha nailoni naizungushia tepu, sio kitambaa. Nikimaliza napuliza, nakausha, nasubiri saa nzima kabla ya kuwasha hata mteja akinuna. Yule dada wa Sinza kanipigia tena juzi nikamfanyie ya chumbani, sijui alimwambia nini mume wake.

Mkononi: 45,000, na kodi ni tarehe 4 Novemba.

Jumapili 24 Novemba 2024. Usaili wa kweli

Kodi: nilimwomba mwenye nyumba nilipe miezi miwili badala ya mitatu, akakubali kwa sababu mama wa chapati alinisemea. 120,000.

Jumamosi ya wiki iliyopita, tarehe 16, ndo lile ghorofa la Kariakoo liliporomoka. Nilikuwa njiani natembea kwa mguu nikaona watu wanarudi wanakimbia, wengine wana vumbi mwili mzima. Duka letu liko mitaa ya mbali kidogo. Mmoja wa wale wacheza drafti shemeji yake alikuwa na stoo mle, alikaa pale kwenye kamba siku tatu. Sitaandika zaidi hapo. Kazi za wiki hiyo zilikuwa chache na hakuna aliyelalamika.

Usaili umetokana na bucha, sio CV. Mwenye bucha ana mdogo wake analinda ofisi ya kampuni moja inayohudumia AC za mahoteli na maofisi, akasikia wanatafuta mafundi wa msimu, akampa kaka yake namba ya mkubwa wao. Bahasha zangu ishirini za Juni mpaka leo hakuna hata moja iliyopiga simu.

Hawakuuliza maswali ya Kiingereza niliyokuwa nakariri usiku. Wakaniwekea bomba la shaba na vifaa mezani, "tengeneza fleya mbili, tuunganishe, tupime na naitrojeni." Fleya ni ule mdomo wa bomba uliotanuliwa ili ubanwe na nati. Nikakata, nikasafisha mdomo wa bomba, nikabana, nikazungusha, fleya ikatoka safi kama ua, nikainua kuwaonesha, wakaanza kucheka. Nati iko mezani. Nimetanua mdomo wa bomba kabla sijaivisha nati, sasa nati inaingilia wapi? Kitu cha mwezi wa kwanza chuoni. Jasho lilinitoka na ndani kuna AC. Yule mkubwa akasema, "Hilo kosa nililifanya na mimi mbele ya Mkorea, rudia." Nikarudia, nati kwanza. Presha ikakaa nusu saa bila kushuka.

Mkataba wa miezi mitatu, 420,000 kwa mwezi, naanza Jumatatu tarehe 2 Desemba. Wanataka NIDA, TIN, namba ya NSSF, wadhamini wawili na barua ya utambulisho toka serikali ya mtaa, na hapo ndo nikakwama siku nne. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni tarehe 27 kwa hiyo kila mtu yuko kwenye kampeni, ila barua anatoa mtendaji na huyo yupo, shida ilikuwa mimi. Mtendaji anataka mjumbe anitambue. Mjumbe akaniangalia toka juu mpaka chini, "Unakaa hapa toka Agosti? Mbona sikujui?" Na ana haki. Nimepita mbele ya baraza lake kila alfajiri miezi mitatu bila kwenda kujitambulisha, ya Songea nayajua ila ya mjini nilidhani hayana utaratibu. Nikarudi na yule baba wa "umefungua kiwanda" akanithibitisha, akaandikwa na mdhamini kabisa. Mdhamini wa pili ni bamdogo. Ukihamia, wiki ya kwanza nenda kwa mjumbe, ni bure.

Mkononi: 141,000.

Jumapili 2 Februari 2025. Miezi miwili kazini

Mshahara wa kwanza: laki nne na ishirini, NSSF ikala 42,000, kodi 8,640, ikaingia 369,360. Nimeweka namba kamili kwa sababu mimi nilishapangia ile 420,000 yote na nikajikuta nadaiwa kwa mangi. Panga kwa kinachoingia.

Kazi yenyewe tunazunguka na gari. Masaki na Msasani zile mashine za nje zinaliwa na chumvi, unagusa mapezi yanabaki mkononi kama majivu ya karatasi, mashine ya miaka mitatu unadhani ya miaka kumi na tano. Tunaosha na maji yasiyo na chumvi kila baada ya miezi michache na bado. Tarehe 27 na 28 Januari kulikuwa na mkutano mkubwa wa nishati wa Afrika, barabara za mjini zimefungwa, watumishi wameambiwa wafanyie kazi nyumbani, sisi tulikuwa na AC ya kuzibua hoteli moja huko huko ndani ya uzio. Tukatembea na ngazi begani toka mbali, askari wanatusimamisha kila kona kuuliza ngazi ya nini.

Jioni bado naenda kwenye mabucha, sasa ni manne yenye namba yangu kwa chaki. Feni nimenunua Desemba, 38,000. Kodi ya miezi mitatu nimelipa Januari.

Nimejumlisha hela za ujinga toka nifike: semina 15,000, dalali 60,000, geji 45,000, bodi 70,000. Laki moja na tisini. Zaidi ya miezi mitatu ya kodi yangu.

Mkataba unaisha mwisho wa mwezi huu na hawajasema kitu, mkubwa nikimuuliza anasema "tutaona masika ikianza". Mimi nimeshajua masika ikianza nini kinafuata. Nimekubaliana na mzee wa kaunta kuanzia Aprili nikae na friji zote za duka lake kwa maelewano ya asilimia, na ninachotafuta sasa ni pampu ya kuvakumu, ya kunyonya hewa kwenye mabomba kabla ya kujaza gesi, mpya, iliyojaribiwa mbele yangu. Kuna moja nimeioneshwa jana kwa 260,000, muuzaji kasema nimwachie elfu hamsini ya kuishikilia. Nimemwambia nitapita tu.